Tarehe ya Kumi na Moja

Hundi ilidunda Jumatatu.
Kudunda ni neno la mpira,
la watoto wa uchochoro wetu wanaocheza kriketi
mpaka kioo cha mtu kipasuke.
Yangu haikupasua kitu. Ilirudi kimya
katika bahasha ya benki, imebanwa kwa pini
na kikaratasi kidogo kama tiketi ya basi:
sababu nyingi zimepigwa chapa, zina namba,
na mbele ya ile ya kwanza, kwa wino wa buluu,
mtu ametia alama ya vyema.
Fedha hazitoshi.

Mimi nauza vifungo. Hapa Ludhiana, nyuma ya soko la sufu,
duka langu upana wake kitanda kimoja.
Tarlochan Bhogal alibeba katoni sita,
vya kahawia, matundu manne,
vya sweta zake za majira ya baridi.
Aliandika laki moja na elfu themanini na sita,
akaupuliza wino ukauke
kama anayempozea mgeni chai.
Saini nzuri, mkia umejikunja.
Kalamu ilikuwa yangu.

Wanasema kukopa harusi, kulipa matanga.
Harusi ilikuwa yake.
Matanga nimekaa mimi.

Wakili Walia ana ofisi chini ya bati, uani mwa mahakama,
kiti chake kimefungwa mnyororo kwenye meza.
"Siku thelathini za kumpa ilani," alisema,
"kumi na tano zake za kulipa. Zikipita, tunashtaki."
Alizihesabu kwa kugonga kucha mezani,
nami nikaona aibu, maana hivyo hivyo
ndivyo ninavyohesabu vifungo.
Ilani ilirudi. Tarishi ameandika: mlango umefungwa.
Siku hiyo hiyo nilipita pale,
cherehani zinavuma ndani kama nyuki.

Shemeji akasema, msamehe, Mungu atakulipa.
Nikamwambia Mungu hakutia saini.

Basi tarehe. Hakimu likizoni. Mawakili wamegoma.
Mshtakiwa ana homa ya matumbo, cheti hiki hapa,
tarehe ya cheti ni ya kesho.
Nyingine sikumbuki, nakumbuka tu njugu nilizokula.
Mke wangu Sudesh huweka karatasi zote
ndani ya kopo la biskuti, pamoja na nafthalini,
ili nondo wasile ushahidi.
Kila ninapokwenda mahakamani nanukia kabati la bibi harusi.

Leo ni ya kumi na moja.
Januari, ukungu umeingia mpaka ukumbini,
watu wanatoka ndani yake kichwa kwanza.
Benchi ni moja, nafasi ni moja.
Akakaa. Bhogal. Hatukusalimiana,
lakini magoti yetu yaligusana kwa baridi
na hakuna aliyeondoa lake.

Amekonda. Ndevu zimeingia mvi upande mmoja.
Na kifuani, sweta ya kiwanda chake mwenyewe,
vifungo vitano, kahawia, matundu manne.
Cha nne kinaning'inia kwa uzi.
Nilikitazama kama daktari anavyotazama jino.

Hakimu hayupo, karani akatangaza. Machi, tarehe sita.
Bhogal akasimama ghafla, uzi ukakatika,
kifungo kikabiringika chini ya benchi
katikati ya maganda ya njugu na miguu ya walalamikaji.

Niliinama mimi. Mazoea.
Nikakipangusa, nikakigeuza kwenye mwanga mchache uliokuwepo:
hakuna ufa, rangi imeshika,
mali safi.
Mkono wake ulikuwa umeshanyooshwa,
kiganja wazi, kama cha mtoto dukani.

Nikamwekea.
"Hata hiki," nikasema, "bado hujakilipia."

Akakifumbata. Akafungua mdomo,
na ukungu ukatoka badala ya neno.